Kidoti cha Shavuni

Muuguzi alipoanza kufungua bandeji ya upasuaji wa jicho, kamera yangu ilikuwa mbele kabisa ya uso wa bibi, pale ambapo mjukuu wake alistahili kusimama.

Nililiona hilo ghafla. Nikaishusha kamera, nikampisha.

Jicho lilifunguka, jekundu, limejaa maji. Likatangatanga darini, likashuka, likamkuta msichana ambaye bibi alimlea kwa kumpapasa tu. Bibi akanyoosha kidole, akamgusa shavuni.

“Kumbe una kidoti,” akanong'ona. “Miaka yote hii vidole havikuniambia.”



“Umepata?” mwongozaji akaniuliza.

“Sijapata.”

Akashika kiuno. Makala yetu nzima ya televisheni ilingojea dakika ile. “Basi muuguzi, mfunge tena. Bibi, tutarudia kidogo, ujifanye ndiyo kwanza unamwona.”

“Nifungeni tu, wanangu,” bibi akasema, jicho halibanduki kwa mjukuu. “Ila mkinifungua, nitakuwa nimeshamwona.”

Mwongozaji alimtazama bibi, akakitazama kile kidoti.

Kisha akaichukua bandeji mkononi mwa muuguzi, akaitia mfukoni mwake.