Marahaba ya Simu

Tangu simu zianze kuamkiana kwa niaba ya wenyewe, nyumbani kwa Mwanaidi hakuna aliyemwamkia mwenzake kwa mdomo. Siku chai ya mama yake iliporudi jikoni haijaguswa, Mwanaidi aliingia chumbani, akaizima simu ya mama, akaketi kitandani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kifua kinanibana tangu juzi."

"Mbona leo simu yako imesema umeamka salama?"

"Iliijibu simu yako, mwanangu. Wewe uliniuliza lini?"

Mwanaidi akampeleka zahanati, wakasimama kwenye dirisha la mapokezi.

"Simu ya mgonjwa iko wapi?" muuguzi akauliza. "Nani atatueleza anaumwa nini?"

"Mwenyewe huyu hapa. Muulize," Mwanaidi akasema, asibanduke dirishani.

Muuguzi akamtazama mama kwa muda mrefu, akitafuta pa kuanzia.