Kitanda cha Kasanda

Kila mwaka, sheria iliwataka jamaa za waliohamishiwa angani watengeneze mfano mdogo wa chombo kilichowachukua, waufunge kwenye roketi na kuurusha uwanjani. Wengi waliuacha mtupu ndani. Nyamizi alitaka mumewe, Kasanda, awe na mahali pa kulala, hivyo akaomba ofisini ramani ya vyumba, akaanza kuunda vitanda vyote vilivyochorwa humo kwa njiti za kiberiti.

Alipomaliza akavihesabu. Vilikuwa arobaini. Waliopanda siku ile walikuwa tisini. Aliwaona kwa macho yake.

Akarudi ofisini. "Mwanangu, ramani hii imepungua ukurasa," alimwambia karani.

Karani aliitazama, kisha akainuka akafunga mlango. "Haijapungua kitu, mama. Ila hakuna mwingine aliyewahi kuiomba."

Nyamizi aliikunja ramani. Alirudi nyumbani, akaunda kitanda kimoja zaidi na kukibandika kwenye ujia, maana vyumbani hapakuwa na nafasi.

"Mbona baba analala njiani?" aliuliza binti yao, Mkunde.

"Amewapisha wengine," Nyamizi akajibu, akafunga kifuniko.

Kesho yake roketi ilipopaa, watu walipiga makofi, naye akapiga pamoja nao.