Walipoomba Kusikia Sauti Yake

"Nyepesi kama sinia, mama, na haichemki!" Binti alikuwa ameipakata kompyuta ya michezo kwenye kochi la muuzaji. Bei kwenye tangazo la mtandaoni ilikuwa ya kati, si ya kutia shaka, ndiyo maana walimfuata mpaka kwake. Kosa lilianzia hapo.

"Hebu tusikie na sauti," mama akasema.

Binti akafungua mchezo. Ukaingia wenyewe mtandaoni kwa jina la kike, la mwenye kompyuta, na papo hapo sauti ya msichana aliyekuwa mchezoni ikatoka kwenye spika:

"Dada! Uko wapi jamani? Tangu ulipokwenda kuuza hiyo kompyuta, mama hali wala halali!"

Binti akaondoa vidole kwenye vitufe. Kwenye bawaba ya kioo mama akaona uzi mwekundu wa rasta, umenasa, umekatika.

Akajilazimisha kucheka. "Michezo ya siku hizi, makelele matupu! Tunaichukua. Ngoja tumwite baba yake, yuko nje kwenye gari na hela."

Hakukuwa na baba wala gari.

Muuzaji naye akacheka, akaifunga kompyuta taratibu mapajani mwa binti.

"Hakuna shida, mama. Kamwite. Binti atakusubiri hapa na mimi."