Rangi ya Mwaka Huu

Dada yangu Yi-chun alirudi kutoka kiwandani Taoyuan amechoka, hata viatu hakuvua. Mimi nilikuwa nakula tambi huku nikiandaa video ya tetesi za kompyuta mpakato mpya wanayoiunda kiwandani kwao.

"Watazamaji wananiuliza rangi, dada. Nidokezee tu."

"Niache. Mdomo wako hauna mlango. Nikifukuzwa, utanilisha wewe?"

Hata hivyo alinimenyea yai, akaliweka kwenye bakuli langu. Juu ya weupe wake zilibaki alama za vidole, kijani kama majani machanga ya chai. Rangi ya kiwandani ilikuwa imepenya glavu.

Sote tuliziona. Akaificha mikono chini ya meza.

Simu ilikuwa mkononi mwangu.

Nikalitia yai zima mdomoni.

"Jamani," nikaiambia kamera, mashavu yamejaa, "mwaka huu tena ni kijivu."