Sufuria ya Kubuni

Mzee Mbaruku, mtunzi wa riwaya za safari za hatari, alifika bwawani akihema na kukuta watu wamejaa ukingoni. Mlango wa maji ulikuwa umekwama huko chini, na mji mzima ulikuwa na kiu. Katikati ya watu alisimama Sikudhani, mhandisi wa bwawa, amejivika kichwani sufuria kubwa ya shaba yenye dirisha la kioo na, utosini, mpira mrefu wa kupitishia hewa kutoka kwenye pampu ya mkono iliyokuwa ukingoni. Mzee aliitambua mara moja. Ilitoka kitabuni mwake.

"Mwanangu, vua hiyo! Hayo mambo niliyabuni tu."

"Na mimi nimeyabuni, mzee wangu," Sikudhani alijibu akicheka. "Wewe kwa kalamu, mimi kwa nyundo. Ila ya kwako ingeelea kama boya. Nimejaribu kwenye tangi mpaka nikachoka kulowa, ndipo nikaitundikia vyuma mabegani."

"Na hewa ikikatika?"

"Ikatike vipi? Si utapiga pampu wewe?"

Alimkabidhi mpini, akajifunga kamba kiunoni, akawaachia watu ncha ya pili, akashuka. Maji yakamfunika.

Mzee alipiga pampu. Miaka yote alikuwa akiwazamisha mashujaa wake akiwa kitini, akijua kila mmoja ataibuka ukurasa gani. Ukurasa wa huyu hakuujua. Jasho lilimwingia machoni, hakulipangusa.

Kamba ilitulia. Kisha ikavutwa kwa nguvu kutoka chini, ikidai urefu zaidi.

"Mpeni!" mzee alifoka, mikono haijaacha mpini. "Mpeni kamba yote!"