Kabichi za Mwenyekiti

Tangi la maji likiwa bado kwenye lori, mgeni aliyelileta aliinama katika bustani ya jamii, akashika kabichi. Kajuju, aliyeimwagilia bustani hiyo peke yake kwa ndoo kiangazi chote, alifumba macho.

Kabichi ilitoka bila mzizi hata mmoja. Ilikuwa imenunuliwa asubuhi ile sokoni Nkubu, ikazikwa hadi shingoni kwa heshima zote.

Mwenyekiti, gambuti zake zikiwa bado na kibandiko cha bei, alikohoa kama askofu. "Hii ni mbegu ya kisasa, mheshimiwa. Haisumbuki na mizizi."

Wanachama wakapiga makofi ya kilo.

"Na hizi, mama?" mgeni akamuuliza Kajuju, akitazama sukuma wiki zake zilizokondeana.

Kajuju alishika shina moja kwa mikono miwili, akavuta kwa nguvu zake zote.

Halikutoka.