Kaseti ya Binti wa Jirani

“Mzee Akonaay, umemwita mwanangu mhuni redioni! Leo wamemtoa kwenye kwaya!” mama jirani alifoka uani kwake, watu wakisogea wasikie vizuri.

“Tangu hivi vyama vingi vije, vijana hawana adabu, na nyimbo zao ndizo hizo,” alijibu mzee, akimrudishia kaseti ya nyimbo za binti aliyokuwa amepewa aisikilize.

Mama akaiinua juani. Utepe karibu wote ulikuwa bado upande wa kushoto, haujazunguka.

“Uliisikiliza mpaka wapi, mzee?”

Kila wiki sauti ya Akonaay ilisikika redioni mpaka kijiji cha mbali cha Endasak, akihukumu nyimbo za vijana. Kaseti hii alikuwa ameizima mara tu kinanda kilipoanza, kabla binti hajaimba neno.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Binti mwenyewe alitoka na maji ya kunawa, akapiga goti.

“Shikamoo, baba. Karibu ndani, ule.”